Nani anakudai? Bi Karani anajibu barua za wasomaji

Mwezi huu nimepokea barua tatu za watu wasiojuana, lakini wote wameshika jambo moja: binadamu anaishi kwa ajili ya nini. Nimeona nizijibu pamoja. Kwa msomaji mgeni, mimi ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo hapa Tanga. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu kubwa ilikuwa majalada ya mirathi, na mengi ninayoyajua kuhusu maisha nimeyajua kwa kuandikisha walichoacha waliokwisha kutangulia. Falsafa sikuisomea, na shehe si mimi. Najibu kwa nilichokiona dirishani kwangu.

Barua ya kwanza

Shikamoo Bi Karani. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mhasibu katika kampuni moja hapa Morogoro. Sijaolewa na sina mtoto. Baba yangu alifariki mwaka jana. Tulimaliza arobaini, ndugu wakatawanyika, nami nikarudi kazini. Tangu hapo kila kitu nakiona kitupu. Naamka saa kumi na moja, napanda daladala, nafunga hesabu za watu, narudi, nalala. Baba alifanya kazi reli maisha yake yote, na vitu vyake vimeenea kwenye begi moja na sanduku moja. Nikajiuliza, ndiyo hayo tu? Kanisani nasikia tumeumbwa kwa utukufu wa Mungu. Naitikia amina, lakini Jumatatu asubuhi neno hilo halinisaidii hata kuvaa viatu. Wenye watoto wanasema wanaishi kwa ajili ya watoto wao. Mimi je? Wakati mwingine nafikiri nikitoweka leo hakuna kitakachopungua, labda ofisi itatangaza nafasi ya kazi. Naomba unijibu kweli, usinifariji.
*Mhasibu, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa baba.

Kabla ya lolote, kuna sentensi katika barua yako niliyoirudia, ile ya kutoweka. Kama ni uchovu wa msiba, utapita, ingawa hupita taratibu kuliko watu wanavyokuambia. Lakini kama wazo hilo linakujia kila siku, kama usingizi umekimbia na chakula hakipiti, usingoje majibu ya jarida. Nenda hospitali ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili, uwaambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Na leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini. Hilo litangulie. Mengine yote nitakayoandika yanafuata nyuma yake.

Sasa nije kwenye swali lako.

Mahakama ya mwanzo ikishamteua msimamizi wa mirathi, humpa miezi minne alete orodha. Wengi hudhani ni orodha ya mali. Sheria inataka mali na madeni: alichokuwa nacho marehemu, na alichokuwa akidaiwa. Mimi ndiye niliyekuwa naipokea fomu hiyo na kuipitia mstari kwa mstari kabla haijafika mbele ya hakimu. Upande wa mali ulikuwa unajaa haraka. Kitanda cha samadari. Cherehani ya Singer. Minazi 14, kiwanja kisicho na hati, kuku na vifaranga. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakibishania kabati lisilo na mlango. Nimeona tajiri akiacha nyumba nne na jalada la pingamizi lililonenepa mpaka tukalibadilisha kamba. Sisemi mali ni mbaya. Anayesema hivyo mara nyingi hajawahi kugongewa mlango na mwenye nyumba. Nasema tu kwamba upande ule wa fomu haukuwahi kunionyesha mtu. Nilikuwa naona vitu.

Upande wa madeni ndio uliokuwa na watu.

Wewe ni Mkristo, labda hujasimama karibu na jeneza msibani kwetu. Kabla maiti hajasaliwa, au kabla ya kwenda makaburini, mmoja wa familia husimama akatangaza: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze, awaone wafiwa, na kama marehemu alimkosea mtu, tunamwombea radhi. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni na bado yananigusa kila mara. Hatangazi marehemu alikuwa na cheo gani wala ameacha viwanja vingapi. Anauliza nani anamdai. Hata katika sheria ya mirathi ya Kiislamu mpangilio ndio huo: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Mwenye kudai anatangulia mbele ya mtoto wa kuzaa.

Nikupe mfano mmoja. Alifariki fundi baiskeli wa Ngamiani. Anayeijua Tanga anajua uzito wa kazi hiyo: mji huu umetembea kwa baiskeli vizazi na vizazi, na fundi wa pembeni mwa barabara anazijua baiskeli za mtaa mzima kwa mlio wake. Mwanawe mkubwa ndiye aliyeteuliwa kuwa msimamizi. Siku ya kuleta orodha alikuja na fomu iliyojazwa vizuri, na kwapani amebana daftari la shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya grisi. "Mama," akaniambia, "hili sijui niliandike wapi."

Nikalifungua. Marehemu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kila mstari una jina la mtu, kisha jambo. Majina sitayataja. Jirani fulani: alikesha na mke wangu hospitali ya Bombo usiku wa uchungu, mimi nikiwa safarini. Mwenye duka: alitoa mchele msiba wa mama, hakuuliza bei. Bwana mmoja wa bandarini: aliniazima spana mwaka nilioanza kazi. Mbele ya majina mengine ameweka alama ya vema na neno "nimelipa", na namna alivyolipa: nimempeleka hospitali, nimekaa na wanawe, pancha bure mpaka alipohama mtaa. Mstari mmoja ndio uliosimamisha kalamu yangu. "Mwalimu wa kisomo. Alinifundisha kusoma. Amekufa sijamlipa." Na chini yake, kwa penseli nyingine, pengine miaka mingine: "Nalipa kwa watoto wa shule."

Kijana akanieleza kwamba baba yake hakuwahi kumtoza pancha mwanafunzi aliyevaa sare. Nyumbani hawakujua sababu. Mama yao alikuwa akimgombeza kwa hilo, maana hela ya pancha ndiyo hela ya dagaa.

Hakimu alilisoma daftari lile kwa muda kuliko shauri lilivyohitaji. Akamwambia kijana kwamba haya si madeni ya kisheria, hayaingii kwenye fomu, wala hakuna atakayekuja kumshitaki. Kisha akamuuliza yeye anafanya kazi gani. Akajibu, fundi umeme. "Basi," akasema hakimu, "ile mistari isiyo na alama umeiona."

Mwanangu, mimi nimetoka na hilo. Swali la tumeumbwa kwa nini liko kwa Mwenyezi Mungu, na naamini alichojibu. Kwetu, sura ya Adh-Dhariyat inasema majini na watu hawakuumbwa ila wamwabudu Yeye, na ulichosikia kanisani hakiko mbali na hapo. Sikiondoi. Lakini umeniambia hakifiki Jumatatu. Linalofika Jumatatu, nijuavyo mimi, ni swali dogo zaidi: nani ananidai?

Hakuna aliyekuja duniani hadaiwi. Kuna mkono uliokupokea ulipotoka tumboni. Kuna aliyekubeba mgongoni kutoka kliniki jua la saa saba. Kuna mwalimu wa darasa la kwanza aliyeushika mkono wako ukiandika tarakimu yako ya kwanza, nawe leo unakula kwa tarakimu. Kuna bosi au mfanyakazi mwenzako aliyekufundisha kazi pale ulipokuwa huijui, akanyamaza ulipokosea. Wote hao wamekupa kitu ambacho hukuwa na stahili nacho. Mtu anayejiona hana kusudi, mara nyingi, nilivyomwona mimi, ni mtu aliyesahau nani anamdai, au ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anadaiwa. Anakaa akijitazama ndani atafute alipewa nini cha pekee, hakioni, anakata tamaa. Ageuze macho. Watu wamejaa.

Turudi kwa mzee. Begi moja na sanduku moja: hiyo ni orodha ya mali. Ile nyingine hujaiandika. Hukuniambia reli alikuwa dereva, mpiga bendera au fundi wa njia. Wewe upo Morogoro, unaijua reli ya kati kuliko mimi, unakijua kile kipande cha Kilosa hadi Gulwe ambacho mafuriko yamekikata mara nyingi. Mtu anayekaza nati za njia ile masika yakinyesha hatawaona waliofika Dodoma na Tabora salama. Nao hawatamjua. Waliteremka, wakachukua mizigo yao, wakaenda zao. Wale ndio waliokuwa wakimdai baba yako kazi njema, na kama aliifanya, amelipa, hata kama hakuna aliyeandika risiti. Nawe ulikula, ukasoma, ukawa mhasibu kwa mshahara uleule. Kwa hiyo unadaiwa.

Umeuliza, mimi nisiye na mtoto je? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo panapokuuma.

Waislamu tuna hadithi ya Mtume ambayo husomwa karibu kila msiba: mwanadamu akifa, amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Watu wakisikia hapo hukimbilia la tatu, wakawatazama wasiozaa kwa huruma. Hesabu mwenyewe, wewe ni mhasibu. Mambo mawili kati ya matatu hayahitaji mtu kuwa amezaa.

Shangazi yangu hakujaaliwa mtoto. Aliuza vitumbua barazani kwake. Mchele aliuloweka mchana, magharibi akausaga, akatia tui, iliki na hamira, akaufunika uumuke mpaka alfajiri. Nilikuwa nikimshikia kibatari naye akigeuza kwa kijiti, kimoja baada ya kingine, na kile cha kwanza kilichokuwa kikishika kwenye chuma alinipa mimi. Sare zangu, madaftari, na ada ya chuo cha kupiga chapa kilichonipa ukarani, vyote vilitoka kwenye chuma kile. Alipofariki, mirathi yake ikafunguliwa, karani mwenzangu akaandika kistari mahali pa watoto. Aliandika sawasawa, hakukosea. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa dirisha, ule wa wafiwa, nikiwa najua ninavyodaiwa. Miaka ikapita, nikamlipia binti wa jirani mafunzo ya kompyuta. Binti huyo hakuwahi kumwona shangazi, hata jina lake halijui.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja. Nunua daftari, la bei ndogo tu. Anza na baba, kisha andika wengine wanavyokujia. Usiandike pesa. Andika mtu na alichokufanyia, kwa maneno mafupi kama ya yule fundi. Utashangaa nani atatokea. Mara nyingi si ndugu wala si watu wakubwa. Aliye hai na unayeweza kumfikia, mfikie, hata kwa simu ya dakika mbili. Aliyekwisha kufa, mtafutie wa kumpokelea. Pale ofisini kwako pana kijana wa mafunzo ya kazi anayeogopa kuuliza, hilo nina hakika nalo, kila ofisi inaye. Anza na huyo. Mwonyeshe namna ya kufunga mwezi bila kulia.

Sikuahidi kwamba utupu utaondoka wiki hii. Majonzi ya baba yana muda wake. Lakini saa kumi na moja ukiamka utakuwa na jina la mtu kichwani, na viatu vitavalika. Ukimaliza ukurasa wa kwanza niandikie tena.

Barua ya pili

Bi Karani shikamoo. Nina miaka 22, nasoma ualimu mwaka wa pili hapa Dodoma, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Ualimu sikuuchagua, ndiyo kozi niliyopata. Kila semina ya vijana ninayokwenda, msemaji anasema kila mtu ameletwa duniani kwa kusudi moja maalumu, na usipoligundua mapema umepoteza maisha yako. Wenzangu chumbani wanasema kusudi ni kutoboa, mengine baadaye. Nitajuaje kama mimi nimekosea njia? Silali kwa hili.
*Mwalimu mtarajiwa, Dodoma*

Marahaba mjukuu wangu.

Wanaokuambia una kusudi moja tu lililofichwa, na kwamba ukilikosa umekwisha, wanakutisha bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Nimepitisha mikononi majalada ya wakulima wa mkonge, wavuvi wa Sahare, walimu, madereva, makuli wa bandarini, na akina mama waliouza mihogo maisha yao yote. Sikuona hata mmoja ambaye familia ilikuja kusema, marehemu hakuligundua kusudi lake. Walisema alitulea. Walisema alikuwa mkali lakini mkweli. Wengine, na hili nalo nimelisikia, walisema hatumjui vizuri, hakuwa akikaa nasi. Hilo la mwisho ndilo la kuogopa.

Yule mwalimu wa kisomo wa kwenye daftari la fundi, hapo juu, ana ndugu zake wengi, na mmoja nilimwona kwa macho yangu. Wewe ni mdogo, huijui habari hii vizuri. Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yakafunguliwa kila mahali, shuleni, misikitini, makanisani, chini ya miembe. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Kwa hiyo wengi waliosimama mbele ya madarasa yale walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu, wengine wakifundisha watu wenye umri wa mama zao.

Mama yangu alifundishwa na binti wa namna hiyo. Tulikuwa tunaishi kambi ya mkonge nje kidogo ya mji. Jioni akina mama walitoka kambini wamejifunga khanga, kila mmoja na kibao chake, wakakaa chini, na yule binti akaandika ubaoni "ba be bi bo bu". Wengine walikuwa wakisinzia, wametoka kukata mkonge tangu alfajiri, vidole vimechomwa na miiba. Binti alikuwa akiwaamsha kwa heshima: "Mama, simama kidogo unyooshe mgongo."

Baadaye nilipokuwa karani niliuelewa uzito wa jambo lile. Mtu asiyejua kuandika humpa karani mkono wake. Unakishika kidole gumba chake, unakibonyeza kwenye pedi ya wino, unakigandamiza kwenye karatasi ambayo hajui imeandikwa nini, halafu anakifuta kidole kwenye khanga au suruali, akitazama chini. Nimeshika vidole vingi vya namna hiyo, na katika mashauri ya mirathi nimeona wajane wakinyang'anywa shamba kwa karatasi walizozitia dole wenyewe. Mama yangu, baba alipofariki, shemeji zake walimletea karatasi. Akaichukua, akaisoma polepole akifuata kwa kidole, neno moja moja, wote wamekaa kimya wanamngoja. Akawarudishia. Akasema, "Hii siweki sahihi." Shamba lile la minazi ndilo lililotulisha.

Yule binti hakuwa kwenye semina ya kutafuta kusudi. Aliambiwa na uongozi wa kata kwamba watu wa kambini hawajui kusoma na yeye anajua. Akaenda. Pengine naye alikuwa akitamani kuwa muuguzi au kwenda Dar es Salaam, sijui. Alichofanya jioni zile kimesimama hadi leo.

Kwa hiyo usiniulize kama ualimu ndiyo njia yako. Uliza kwenye njia hiyo uliyopo ni nani anayekungoja. Utakapokwenda mazoezi ya kufundisha, tazama dawati la nyuma. Yupo mtoto anayenakili ubaoni vizuri kabisa na hajui kusoma alichonakili. Amejifunza kuchora herufi ili asipigwe. Walimu wengi humpita kwa sababu daftari lake limejaa. Mwite pembeni, mpe sentensi ambayo haiko ubaoni. Kama ukimpata mmoja huyo na ukamsomesha hadi asome, hutauliza tena swali hili kwa namna ile. Na ukigundua baadaye kwamba kazi nyingine inakufaa zaidi, hama. Hakuna aliyekufungia mlango.

Kuhusu kutoboa, tafuta pesa, mjukuu wangu, tena kwa bidii. Mkopo wa Bodi nao ni deni, na lile linajulikana hadi shilingi ya mwisho.

Barua ya tatu

Bi Karani, assalaam alaykum. Mimi ni Mpemba, dereva hapa Muscat, nina miaka 36. Wazazi wangu walinisomesha kwa karafuu na kwa shida. Ndugu zangu wadogo nimewalipia skuli, nimetoa mahari ya mdogo wangu, nimetibu, nimeezeka. Kila nikipiga simu nyumbani salamu ni fupi, halafu tunaingia kwenye hesabu. Sasa wanataka bati za nyumba ya kaka. Najua nadaiwa, sikatai. Lakini najiuliza usiku, je, mtu ameumbwa alipe tu mpaka afe?
*Dereva, Muscat*

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu akulipe kwa yote uliyowafanyia wazee.

Barua yako imenifaa sana, kwa sababu wale wawili nimewaambia wahesabu wanaowadai, na mtu anaweza kulisikia hilo akajitwisha mpaka akavunjika. Deni lina mpaka. Msimamizi wa mirathi hulipa madeni ya marehemu kwa mali aliyoiacha marehemu. Ikiisha, imeisha, hachukuliwi mtoto akauza shamba lake mwenyewe kwa nguvu. Kama hata maiti hadaiwi kupita alichoacha, wewe uliye hai utadaiwaje kupita ulichonacho?

Tena kuna mdai mmoja umemsahau. Mtume amesema mwili wako una haki juu yako, na macho yako yana haki juu yako. Dereva anayekosa usingizi kwa kuwaza bati ni hatari kwake na kwa aliyempakia. Katika daftari lako andika jina lako mwenyewe, tena usiliweke mwisho.

Halafu tenganisha. Wazazi wanakudai, na hilo halina mjadala. Mdogo uliyemtolea mahari ameshaoa, ana mikono miwili. Kaka mwenye nyumba ya kuezekwa ni mtu mzima. Kumsaidia ni hisani yako, na hisani haina tarehe ya mwisho wa mwezi. Watajie kiwango unachoweza kutuma kila mwezi, mchague mmoja mwaminifu akipokee na agawe, na wengine wote uwaelekeze kwake. Wiki mbili za kwanza watakununia. Vumilia.

Oa, kama hujaoa na unataka. Hukuandika habari zako hata moja katika barua nzima; nimejua umri wako na kazi yako, sijui unapenda nini. Ijumaa baada ya sala teremka Mutrah, kaa ufukweni, nunua samaki ule mwenyewe. Na mpigie mama siku ambayo si ya mshahara. Muulize karafuu msimu huu zimeangukaje, muulize goti lake, umwambie na wewe umekula nini leo na nani amekuchekesha kazini. Akianza habari za bati, mwambie kaka atapata mwakani, kisha mrudishe kwenye karafuu.